Neno la Pili

Kombe hatukulipata mwaka ule. Nalisema mapema ili mwenye haraka ya matokeo ashike njia yake. Mimi nina neno moja tu la kusimulia, neno fupi la kila siku, ambalo nusura linitoe timu ya chuo baada ya kuingia kwa taabu.

Timu yetu ya wasichana ya mpira wa wavu ilikuwa na watu wa aina mbili: walioletwa, na mimi. Walioletwa walifuatwa na chuo shuleni kwao wakiwa bado kwenye sare za sekondari. Walipimwa urefu, wakaahidiwa ada, viatu na yai la kila asubuhi. Mimi nilikuja kusomea ufundi bomba. Mpira niliupenda tangu utotoni, lakini kwa kimo changu hakuna aliyebisha hodi kwetu kuniulizia. Basi kila jioni nikitoka karakana, mikono inanuka mafuta ya kukatia bomba, nilikwenda kusimama nyuma ya mstari na kuwaokotea mipira. Niliokota mpaka wakanizoea kama watu wanavyozoea ndoo iliyo chini ya paa linalovuja. Siku moja wakapungukiwa mtu, Kocha akaniita.

"Wewe nani kakuleta hapa?"

"Nimejileta, Kocha."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mjileta, hata kwa wapishi wa bwalo.

Kocha alikuwa mwanamke mfupi, mwalimu wa hesabu, asiyependa maneno mengi. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: uwanjani, neno "wako" ni marufuku. Ukitaka kumwachia mwenzako mpira, sema "chukua". Ukitaka kumwonya mpigaji kwamba mbele yake kuna wazuiaji, taja idadi tu, "mmoja" au "wawili", ufunge mdomo. Maana mtu akipaza sauti "wako", mmoja atasikia kwamba mpira ni wake, mwingine atasikia kwamba wapinzani wako pale mbele, na mpira hausubiri mtu aulize ni wako gani. Timu ya ujana wake, alisema, ilipoteza meno mawili kwa neno hilo. Kisha akainua mdomo wa juu kidogo tukayaona ya bandia. Atakayelitamka, benchi.

Aliyekuwa akituinulia mpira ni Nahodha, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mpira ukitoka kwake ulikuwa kama umewekwa juu ya kabati, wewe kazi yako kuuchukua tu. Mpigaji wake mkuu alikuwa Twiga, na jina hilo halihitaji maelezo. Wawili hao walitoka shule moja. Twiga alikuwa pia mwenzangu wa chumba, kwa bahati tu ya ofisi ya mabweni, na tulielewana vizuri kwa sababu hakoromi na mimi siazimi vitu.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya mechi ya kuingia nusu fainali, tulikuwa tukicheza wenyewe kwa wenyewe. Twiga alikuwa mbele kushoto, mimi nyuma yake. Mpira ulipokelewa vibaya. Nahodha akaukimbilia, akauinua kwa shida, ukapanda na kurudi nyuma, ukawa hewani katikati yangu na Twiga. Nikasikia sauti ya Nahodha, kali, ikija upande wangu: "Wako!"

Sikuwaza. Nilipiga hatua nikaingia chini ya mpira. Twiga alikuwa ameshakimbia na kuruka. Alipiga, akashuka, mguu wake ukatua juu ya wangu, na kifundo kikapinda kwa mlio ambao sote tuliusikia.

Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Pale tulikuwa wengi, na neno likaharibika.

"Mjileta, umefanya nini?" Nahodha alikuwa ameshapiga magoti kando ya Twiga.

"Umesema wako."

"Mimi? Nimesema wawili. Wazuiaji walikuwa wawili, nikasema wawili."

Kocha akawauliza wengine. Mmoja alisikia kelele tu. Mwingine alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Wa tatu alikiri kwamba Nahodha alisema kitu, ila kitu gani hakukumbuka. Niliwaelewa, na niliwachukia kwa kuwaelewa. Hakuna aliyetaka kusikia neno ambalo lingempeleka Nahodha benchi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuinua mpira. Halafu wote waliijua hesabu nyepesi: Twiga akitoka, anayeingia ni mimi.

Wakati wanambeba, mmoja alisema nyuma ya mgongo wangu, kwa sauti ya kunifikia, "Alijileta mwenyewe, sasa kajipa na nafasi."

Kocha aliningoja nimalize kukunja wavu. "Jumamosi utacheza, sina mwingine," akasema. "Mechi ikiisha, hutakuwa tena kwenye timu hii. Kama ulikusudia, huna utu. Kama hukukusudia, huna masikio. Vyovyote vile siwezi kukuweka uwanjani na wenzako."

"Kocha, nilisikia wako."

"Nahodha ndiye niliyempa kazi ya kusema. Wewe nilikupa ya kusikia."

Nilitembea mpaka bwenini. Kuitwa mbovu wa mpira ningevumilia, nilikuwa nimezoea. Lakini kuitwa mtu aliyemvunja mwenzake ili apate pa kusimama, hilo lilinichoma mpaka mifupani.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, na kamba ya nguo iliyopita katikati, kiasi kwamba ukitaka kumwona mwenzako lazima usogeze soksi. Twiga alikuwa amelala chali, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya begi lililojazwa nguo. Alikuwa amesharudi kutoka zahanati ya chuo. Nilivua viatu taratibu, kama niko nyumba ya watu.

"Nitakuuliza mara moja tu," akasema akiangalia dari. "Ulinikusudia?"

"Hapana."

"Sasa ulifuata nini chini ya mpira wangu?"

"Niliambiwa ni wangu. Nilisikia wako, Twiga. Hata uniapishe."

"Mimi nilisikia wawili. Nilisikia vizuri, maana niligeuza mkono nikapiga pembeni yao."

Nje, kwenye karo la kufulia, bomba lilikuwa likidondosha maji. Nilikuwa nimeahidi kulirekebisha wiki nzima. Nilisikia matone na nilisikia pumzi yake. Kisha akajiinua kwa viwiko, akasogeza soksi zilizokuwa kati yetu.

"Hebu sema tena ulichosikia."

"Wako."

"Na mimi wawili." Akayaweka pamoja kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lisilo lake. "Wako... wawili."

Nikakaa kitandani.

"Ndivyo alivyokuwa akisema shuleni," akasema Twiga. "Miaka yote. Wako wawili, wako watatu. Mwalimu wetu wa kule hakujali. Hapa amejizuia, lakini akihemewa linamtoka. Yeye kasema yote, sisi tumegawana."

Nilicheka na machozi yakitoka, kwa jinsi roho ilivyotua. Nikaanza kuvaa viatu. "Basi twende kwa Kocha. Nitakubeba mgongoni."

Hakuinuka. "Sitakwenda."

"Kwa nini?"

"Nahodha tumekula sahani moja tangu kidato cha kwanza. Chuo kilimtaka yeye peke yake, akawaambia haji bila mimi. Mimi niko hapa kwa mdomo wake. Kumchoma siwezi."

"Na mimi ninayechomwa?"

Akaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye msumari wa mlango, akatungua jezi yake na kunirushia. Mimi jezi ya chuo sikuwahi kupewa. Niliyokuwa nikifanyia mazoezi aliishona mama kwa kitambaa cha rangi ya zambarau, akiamini kabisa ni maruni ya jezi za chuo.

"Vaa hiyo Jumamosi. Ya mama yako mwamuzi ataikataa."

"Jezi haisemi, Twiga."

"Najua," akasema, akageukia ukutani.

Ijumaa mama akapiga simu wakati wa chakula cha mchana. Mama ni mshonaji wa sare za shule, na mashine yake huwa haisimami hata akiwa kwenye simu, kwa hiyo ukizungumza naye unazungumza na cherehani pia. Nilimweleza yote. Nikasikia cherehani imenyamaza.

"Nilikuambia, mwanangu," akasema. "Mahali hukuitwa, ukivunja kikombe hata kwa kuteleza, watasema ulikuja kuvunja vikombe."

"Kwa hiyo niache, mama?"

"Nimesema uache? Nani kasema uache? Vaa vile vikinga magoti nilivyokushonea, vya sponji ya godoro. Ukianguka, uanguke vizuri."

Mchana huohuo Nahodha alinifuata karakana. Nilikuwa nimebana kipande cha bomba kwenye jiriwa, nachonga meno ya kuungia, mafuta yananichuruzika mpaka kiwikoni. Alisimama mlangoni, hakuingia, alikuwa na viatu vyeupe.

"Nimekuja kwa wema," akasema. "Kesho mechi ikiisha, sema mbele ya timu kwamba ulikosea. Yaishe. Nitakuombea kwa Kocha ubaki hata kwa kuokota mipira."

"Niombe msamaha kwa kosa la kusikia?"

"Ulisikia vibaya, mwenzangu. Inatokea."

"Sikusikia vibaya. Nilisikia nusu."

Uso wake ukabadilika, kidogo tu, lakini niliuona. "Nusu ya nini?"

"Nusu nyingine unayo wewe."

Aliangalia nyuma, kisha akaniangalia mimi, na kwa muda mfupi nilidhani atasema. Midomo yake ilifunguka kabisa. Halafu mwalimu wa karakana akakohoa kule ndani, Nahodha akageuka na kwenda zake. Nilirudi kwenye bomba langu na hasira, nikachonga mpaka ncha ikakatika. Mwalimu akaja akalitazama, akaniuliza hilo bomba limenikosea nini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Jezi ya Twiga ilinifika mapajani na mikono yake ikanifika kwenye viwiko. Mwamuzi alinikagua mara mbili, labda akitafuta mwenye jezi ndani yake. Twiga alikaa benchi na mguu wake umenyooshwa juu ya kiti. Hatukusalimiana.

Tangu mpira wa kwanza nikajua mambo yatakavyokuwa. Nahodha hakuniinulia. Niliokoa mipira sakafuni, sponji ya mama ikafanya kazi yake, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukalia. Kila mpira niliouokoa Nahodha aliupeleka kulia. Wapinzani si vipofu. Wakaacha kunilinda, wakajenga ukuta wa watu upande wa kulia, na mpigaji wetu wa huko akawa anagonga ukuta huo mpira baada ya mpira.

"Kushoto!" alipaza sauti Kocha. "Kushoto hakuna mtu!"

Nahodha aliitikia kwa kichwa, kisha akainua kulia tena. Sidhani alifanya kwa ubaya. Ukimdhulumu mtu, hata kumtazama usoni ni kazi, na anayeinua mpira lazima amtazame anayempa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama peke yangu mbele ya wavu mtupu, mbele ya ukumbi mzima, na ghadhabu ilinijaa mpaka masikio yakawaka. Hiyo ndiyo itakuwa mechi yangu ya mwisho, nikajiambia, na nitaimaliza bila kuugusa mpira kwa juu.

Tulipata seti mbili, wao mbili. Ya tano ikabana. Hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake kwa zaidi ya pointi moja, na watu wetu kwenye viti walikuwa wamenyamaza kwa hofu.

Hapo ndipo mpira ulipopokelewa vibaya, karibu sawasawa na ule wa Alhamisi. Nahodha akaukimbilia, akiupa wavu mgongo, na upande aliogeukia hapakuwa na mtu mwingine ila mimi. Hakuwa na hiari. Akauinua. Nilianza kukimbia, na kwa pembeni nikaona wazuiaji wao wakija mbio kuziba nafasi waliyoiacha. Sauti ikatoka nyuma yangu, sauti ya msichana wa shule aliyehemewa, na katika ukimya ule ilifika mpaka mlangoni.

"Wako wawili!"

Safari hii nilisikia yote, kwa kuwa tangu Alhamisi nilikuwa nikiyangoja. Mikono minne ilikuwa imesimama mbele ya uso wangu. Sikupiga. Niliusukuma mpira kwa ncha za vidole, ukapita juu yao polepole, ukaanguka nyuma yao pasipo na mtu.

Pointi ilikuwa yetu. Watu wetu wakalipuka kwa shangwe, lakini benchi letu halikupiga makofi. Kocha alikuwa amesimama. Akaomba muda.

Tukamzunguka. Alikuwa akisugua meno yake ya bandia kwa ulimi, kama afanyavyo akisahihisha mitihani.

"Nahodha, umesema nini?"

"Wawili, Kocha."

"Mjileta, umesikia nini?"

"Leo nimesikia yote mawili, Kocha."

Nahodha aliniangalia, macho yamejaa woga mtupu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikamwonea huruma, huruma ndogo na ya kuudhi. Kocha akangoja. Wenzetu walitazama sakafu, tena walikuwa wamevaa viatu visivyo na kamba zilizofunguka.

"Wako wawili."

Alikuwa Twiga. Amesimama kwa mguu mmoja, ameshika kiti, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Kasema wako wawili. Alhamisi pia alisema hivyo hivyo. Mimi nilisikia la pili, Mjileta akasikia la kwanza." Kisha akamgeukia Nahodha. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa."

Nahodha hakubisha. Alifunika uso kwa mikono ile myepesi, mabega yakawa yanacheza.

"Sheria yangu inasema benchi," akasema Kocha. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na mwingine wa kuinua mpira sina. Mjileta, neno hili limekuumiza wewe, na mimi nikaongeza. Abaki au atoke?"

Nilitaka kusema atoke. Nilitaka kwa roho yangu yote, niliuona mpaka utamu wake. Niliwaza akikaa pale kando ya mguu wa Twiga, ukumbi mzima ukimtazama, ajue ladha yake. Mwamuzi akapuliza filimbi ya kutuita.

"Abaki," nikasema. "Ila aniinulie."

Kocha akaitikia kwa kichwa. Tulipogeuka kurudi, akanishika bega. "Jezi hiyo ukaipunguze urefu kwa mama yako," akasema. "Siwezi kuwa na mchezaji anayevaa gauni." Nilichukua hatua kadhaa ndipo nikaelewa alichonipa, na nikalazimika kuuma mdomo ili nisilie mbele ya wavu.

Tukacheza. Wakatufikia, tukawaacha, wakatufikia tena. Nahodha alikuwa ameniinulia mara mbili, vizuri, lakini kimya, bila kutamka hata idadi, kama mtu aliyeogopa ulimi wake mwenyewe. Mara zote mbili nilipiga, wakaokoa. Mwishowe tukabakiwa na pointi moja ya kumaliza.

Tulianzisha mpira, wakaurudisha kwa nguvu, mtu wetu wa nyuma akaupokea safi, ukaja kwa Nahodha taratibu na mahali pake hasa. Alikuwa na hiari zote. Kulia palikuwa wazi na kushoto palikuwa wazi. Niliona anavyoinua uso na kunitazama, machoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akauinua kushoto, juu sana, mpira wa kumwinulia Twiga, si mtu wa kimo changu. Na Kocha akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, alifungua kifua na kulitamka lile neno la marufuku kwa sauti ya ukumbi mzima.

"Wako!"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nikangoja neno la pili. Halikuja. Nikaruka.